Siagi ya njugu na tumbo lako: Chambua kabla ya kusaga

Njugu iliyosagwa ni chakula cha nyumbani Busia tangu zamani. Hutiwa kwenye mboga za kienyeji, huongezwa kwenye uji wa mtoto, huliwa pamoja na viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha, na siku hizi hupakwa kwenye mkate wa watoto wanaokwenda shuleni. Kutoka Bumala hadi Malaba, ni vigumu kupita sokoni bila kuona njugu zimetandazwa kwenye magunia, zikisubiri mnunuzi au mashine ya kusaga.

Hata hivyo, maswali hayaishi. Wako wanaolalamika kwamba wakila siagi ya njugu tumbo hujaa gesi. Wengine wameambiwa na majirani waiache kabisa kwa sababu inaleta vidonda vya tumbo. Kina mama huuliza kama mtoto wa miezi sita anaweza kupewa. Na tangu aina kadhaa za siagi hiyo ziondolewe madukani mwaka 2019, kuna wanaoogopa hata kopo ambalo halijafunguliwa.

Makala haya yanaeleza siagi ya njugu inavyosagika mwilini, kwa nini humfaa mmoja na kumsumbua mwingine, na hatari moja ambayo tumbo haliwezi kumwonya mtu juu yake.

Kilichomo ndani ya kijiko

Vijiko viwili vya mezani vya siagi ya njugu, takriban gramu 32, vina karibu kalori 190. Humo mna gramu 16 hivi za mafuta, gramu 7 hivi za protini na gramu 2 hivi za nyuzinyuzi. Mafuta hayo kwa sehemu kubwa ni ya aina ile inayopatikana katika mafuta ya mimea, ambayo ni nafuu kwa moyo kuliko mafuta ya wanyama.

Kwa hivyo siagi ya njugu ni chakula kidogo chenye nguvu nyingi. Mtu anayefanya kazi ya jembe hufaidika nacho. Anayekaa ofisini mchana kutwa naye anafaa kukipima, kwa sababu vijiko vitano au sita vinaweza kumpa nguvu kiasi cha mlo mzima bila yeye kujua.

Kuhusu nyuzinyuzi, Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Vijiko viwili vya siagi ya njugu havifikishi hata sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho. Siagi hii basi husaidia choo, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya mboga, maharagwe, matunda na unga usiokobolewa.

Safari ya tumboni

Siagi ya njugu ikiingia mdomoni hunata kwenye kaakaa na kuhitaji mate mengi. Ikifika tumboni, asidi na vimeng'enya huanza kuvunjavunja protini yake. Kazi hiyo haifanywi kwa haraka. Mafuta yanapoanza kuingia kwenye utumbo mwembamba, ukuta wa utumbo hutoa homoni inayoliarifu tumbo lipunguze mwendo, lisiachilie chakula chote kwa pamoja.

Ndiyo maana mtoto aliyekunywa uji wenye njugu asubuhi hukaa muda mrefu bila njaa kuliko aliyekunywa chai na mkate mtupu. Ndiyo maana pia aliyekula nyingi kwa mara moja huhisi amevimbiwa. Tumbo lake halijaharibika, bali limepewa mzigo mzito na linaushusha polepole.

Homoni hiyo hiyo huuamsha mfuko wa nyongo. Nyongo humiminika kwenye utumbo mwembamba na kuyatenganisha mafuta yawe matone madogo, kama sabuni inavyofanya kwenye sufuria yenye mafuta. Kongosho nalo hutoa vimeng'enya vya kuyakamilisha mafuta na protini, kisha vyote hufyonzwa na kuingia mwilini.

Hapa ndipo busara ya mapishi ya wazee inapoonekana. Mboga za majani kama kunde na managu zina viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mwili. Viini hivyo hufyonzwa vizuri vikiwa pamoja na mafuta. Anayetia njugu iliyosagwa kwenye mboga hizo haongezi ladha tu, anausaidia utumbo uchukue kilichomo kwenye majani.

Nyuzinyuzi zinazobaki huteremka hadi utumbo mpana. Huko bakteria wema huzila na kutengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Katika kazi hiyo hutoka pia gesi.

Kwa nini kusaga huleta tofauti

Njugu nzima na njugu iliyosagwa hazifiki mwilini kwa njia moja. Mafuta ya njugu yamefungiwa ndani ya kuta ngumu za chembe zake. Meno huvunja baadhi ya kuta hizo na kuacha nyingine, na vipande vilivyobaki hupita hadi chooni vikiwa na mafuta yake.

Utafiti mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 1980 ulipima jambo hili. Watu waliokula njugu nzima walitoa kwenye choo karibu asilimia 18 ya mafuta waliyokula. Walipokula siagi ya njugu, kiasi kilichopotea kilishuka hadi asilimia 7 hivi.

Hii ina maana kwamba mashine au kinu hulifanyia tumbo sehemu ya kazi yake. Kwa mzee asiye na meno, mtoto mdogo au mgonjwa anayepata nafuu, siagi ya njugu huwa rahisi kusagika na huupa mwili zaidi kuliko njugu za kutafuna.

Lakini kusaga huko huko kuna upande wa pili. Njugu mbovu ikiwa nzima huonekana kwa macho. Ikishasagwa hufichika, na hakuna awezaye kuitoa tena.

Gesi, kiungulia na choo kigumu

Njugu ni jamoja na maharagwe na kunde katika jamii ya mimea. Kama ndugu zake, ina sukari kidogo ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja, na bakteria wa utumbo mpana huzichachua. Mtu ambaye hajazoea anaweza kuhisi gesi. Dawa yake ni kuanza na kijiko kimoja cha chai kwa siku na kuongeza taratibu.

Kiungulia kina sababu nyingine. Mlo wenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu, na asidi hupata nafasi ya kupanda kooni, hasa mtu akilala mara tu baada ya kula. Mwenye tatizo hili ale kiasi kidogo, na apitishe saa mbili au tatu kabla ya kulala.

Choo kigumu mara nyingi hakiletwi na siagi yenyewe, bali na kile inacholiwa nacho. Mkate mweupe uliopakwa siagi ya njugu, bila tunda wala maji, una nyuzinyuzi chache. Mkate huo ukibadilishwa kwa viazi vitamu au ndizi, na maji ya kutosha yakinywewa, hali hubadilika.

Wapo wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi. Mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo anaweza kupata maumivu makali chini ya mbavu za kulia baada ya kula mafuta, kwa sababu mfuko huo hujikaza. Mwenye ugonjwa wa kongosho naye afuate ushauri wa daktari kuhusu mafuta. Na anayehara hafai kulishwa siagi nyingi kabla hajapata nafuu. Mtoto anayehara anahitaji kwanza maji ya chumvi-sukari yanayotolewa kituoni pamoja na zinki, huku akiendelea kunyonya na kula.

Je, njugu huleta vidonda vya tumbo?

Hapana. Vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Mwenye vidonda anaweza kuhisi vibaya baada ya kula chakula fulani, njugu zikiwemo, na akihisi hivyo ni sawa akipunguze. Lakini kuacha njugu hakumwondolei bakteria huyo.

Anayeumwa na tumbo mara kwa mara aende kupimwa. Bakteria akipatikana hutibiwa kwa antibiotiki ambazo lazima zimalizwe. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, au anayekonda bila sababu asingoje siku ya soko ipite, aende hospitali mara moja.

Mtoto aanze lini?

Katika miezi sita ya kwanza mtoto hahitaji kitu kingine isipokuwa maziwa ya mama. Baada ya hapo anaweza kuanza kupewa siagi ya njugu, ikiwa laini na imeyeyushwa kwenye uji au maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa. Asipewe bonge kwenye kijiko, kwa sababu hunata na kumziba koo. Njugu nzima zisipewe mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwa kuwa zinaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Zamani wazazi wengi walishauriwa kuchelewesha njugu kwa kuogopa mzio. Ushauri huo umebadilika. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015 ulifuatilia watoto 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata mzio. Walipofika miaka mitano, mzio wa njugu ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 80 miongoni mwa wale waliolishwa chakula chenye njugu tangu wakiwa wachanga, wakilinganishwa na wale walionyimwa.

Mzazi aanze na kiasi cha ncha ya kijiko, mchana, mtoto akiwa mzima, kisha amwangalie. Mtoto mwenye ukurutu mkali au mzio wa mayai aonwe kwanza na mhudumu wa afya. Midomo ikivimba, vipele vikitoka, akitapika ghafla au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Mwenye mzio wa kweli, awe mtoto au mtu mzima, hana kiasi kidogo kilicho salama kwake.

Siagi inayookoa maisha

Nguvu ya njugu iliyosagwa inaonekana wazi zaidi katika matibabu ya utapiamlo mkali. Chakula tiba kinachotolewa katika vituo vya afya huwa kwenye pakiti ya gramu 92 yenye kalori 500. Kimetengenezwa kwa njugu iliyosagwa, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Kilibuniwa Ufaransa katika miaka ya 1990, na kimewezesha watoto wengi kutibiwa nyumbani badala ya kulazwa.

Siri yake ni kwamba hakichanganywi na maji. Bakteria hawastawi kwa urahisi kwenye mafuta yasiyo na maji, hivyo pakiti hukaa salama hata nyumbani kusiko na friji. Na kwa kuwa njugu imesagwa laini, tumbo dhaifu la mtoto hupata nguvu nyingi katika kiasi kidogo.

Mhudumu wa afya ya jamii akizuru boma lenu hupima mkono wa mtoto kwa utepe wenye rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo kilicho chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, na mtoto huyo apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Pakiti anazopewa ni dawa yake. Zikigawanywa kwa ndugu zake au zikiuzwa, yeye hapati kipimo cha kumponya. Wala siagi ya dukani haiwezi kuchukua nafasi yake, kwa sababu haina maziwa wala madini yaliyopimwa.

Hatari ambayo tumbo haliioni

Gesi na kiungulia hujitangaza. Aflatoksini haijitangazi. Hii ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye njugu na mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Ilitambuliwa baada ya zaidi ya bata mzinga 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya njugu yenye sumu hiyo.

Wakenya wanaijua kwa uchungu. Mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa katika maeneo ya mashariki mwa nchi baada ya kula mahindi yenye aflatoksini. Mwaka 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) lilisimamisha uuzaji wa aina kadhaa za unga wa mahindi, kisha za siagi ya njugu, kwa kupita kiwango kinachoruhusiwa.

Mtu akila sumu nyingi kwa muda mfupi huumwa na tumbo, hutapika na macho huwa ya manjano. Lakini wengi huila kidogo kidogo kwa miaka bila kuhisi chochote. Haina ladha wala rangi. Hupita tumboni kimya na kuliendea ini, ambako inaweza kusababisha saratani. Hatari hiyo huongezeka sana kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Chanjo ya homa hiyo imo katika zile anazopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, nayo haifai kukosa.

Kukaanga hakuiondoi sumu hii yote, na kuchemsha vilevile. Kinga ni kuizuia isiingie kwenye mashine.

Kutoka shambani hadi kwenye kopo

Mkulima ang'oe njugu zikikomaa, asiziache ardhini hadi maganda yapasuke. Azianike juu ya turubai au kichanja, si kwenye udongo mtupu, na azifunike mvua ikitishia. Njugu iliyokauka hugongagonga ndani ya ganda ukiitikisa. Wako wanaonyunyizia maganda maji ili kubambua kuwe rahisi. Tabia hiyo huwarudishia kuvu unyevu waliokuwa wakiusubiri. Magunia yawe ya katani, na yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kabla ya kukaanga, njugu zimwagwe kwenye ungo mahali penye mwanga na zichambuliwe kwa mkono. Zinazotolewa ni zilizonyauka, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Kwa kawaida sumu nyingi huwa kwenye punje chache mbovu, hivyo saa moja ya kuchambua huondoa sehemu kubwa ya hatari. Punje hizo zisiuzwe kwa bei nafuu wala kupewa ng'ombe na kuku, kwa kuwa sumu inaweza kurudi kwa binadamu kupitia maziwa. Zichimbiwe.

Mwenye mashine aisafishe na kuikausha kila siku, na asiruhusu njugu zilizokaangwa zikutane na vumbi, panya au mikono michafu. Joto la kukaanga huua vijidudu, lakini uchafu unaoingia baadaye hubaki. Marekani, katika mwaka wa 2008 na 2009, zaidi ya watu 700 waliugua na 9 wakafa baada ya kula bidhaa za siagi ya njugu zilizoingiwa na bakteria wa salmonela.

Anayenunua dukani atafute alama ya ubora ya KEBS na tarehe ya mwisho ya matumizi. Alama hiyo inaweza kuthibitishwa kwa kutuma ujumbe mfupi wenye herufi SM, alama ya #, kisha nambari ya kibali iliyo kwenye kopo, kwa 20023. Anayesagiwa sokoni aombe kuziona njugu kabla hazijasagwa. Muuzaji mwaminifu hatachukizwa na ombi hilo. Siagi yenye ladha chungu au harufu ya uvundo itupwe.

Mambo ya kukumbuka

- Kijiko kimoja au viwili vya mezani kwa siku vinamtosha mtu mzima aliye na afya. Anayeanza aanze na kidogo.
- Ile siagi ya njugu na mboga, viazi vitamu au matunda, na unywe maji.
- Mtoto aanze baada ya miezi sita, ikiwa imeyeyushwa. Njugu nzima zingoje atimize miaka mitano.
- Chakula tiba ni cha mtoto aliyeandikiwa peke yake.
- Maumivu ya tumbo yasiyoisha yapimwe kituoni, yasibahatishwe.
- Chambua njugu kabla ya kukaanga na kusaga. Baada ya hapo hakuna ungo utakaosaidia.

Kwa ushauri wa lishe, wakazi wamwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao au wafike katika zahanati iliyo karibu. Kuhusu kukausha na kuhifadhi njugu za msimu huu, afisa wa kilimo wa wadi ndiye wa kuulizwa, na ni vyema aulizwe kabla ya mavuno.